Mjomba Tujuze: Mtoto wa kuli wa London, santuri ya baharia na kijana wa Ngamiani

Haya wasomaji wangu hamjambo, na wakubwa zangu shikamooni. Mwezi huu meseji zimekuja nyingi na karibu zote zinazunguka jambo moja, kuimba na kuigiza, na chanzo ni dada mmoja wa Makorora aliyeniandikia habari ya santuri ya marehemu babake, nikaigusia kidogo toleo lililopita nikadhani imeisha, kumbe ndo kwanza mmefungua bomba. Basi ukurasa wote wa leo tuumalize humo humo, wale wa mambo ya mirathi na wa mbolea ya michungwa mnisubiri toleo lijalo.

SWALI: Mjomba shikamoo. Marehemu baba alikuwa kuli hapa bandarini Tanga miaka ya sabini, kwenye matishari. Kaniachia vitu vichache tu, kimoja ni santuri ndogo imeandikwa David Essex, Rock On. Mama anasema baba alipewa na baharia wa meli iliyokuja kupakia mkonge, na alikuwa haruhusu mtu aiguse. Mume wangu anasema ni takataka, haina hata kitu cha kuipigia, tuitupe. Huyu mtu ni nani? Na baba alikuwa anapenda nini humo ndani? (Dada, Makorora)

MJOMBA: Marahaba mwanangu, na Mungu amrehemu mzee. Kabla sijaenda popote, mwambie mkwe wangu hiyo santuri asiiguse, mwambie Mjomba kasema.

Sasa nikupe kitu ambacho toleo lililopita sikukiandika kwa sababu ya nafasi, na kila nikikifikiria moyo unanienda mbio. David Essex ni Mwingereza, kazaliwa tarehe 23 Julai 1947 mtaa wa Plaistow, mashariki ya London, jina alilopewa na wazazi wake ni David Albert Cook, na babake alikuwa kazi gani? Kuli wa bandarini! Mtoto kakulia Canning Town, mtaa unaopakana na yale magati makubwa ya Royal Docks, nyumba za watu wa kazi za mikono, baba anarudi jioni mgongo umekwisha kwa kubeba. Mamake alikuwa anapiga piano, kajifundisha mwenyewe bila mwalimu, na asili yake ni ile jamii ya watu wa kuhamahama wa Ireland. Kwa hiyo santuri aliyoificha babako, kuli wa Tanga, imeimbwa na mtoto wa kuli wa London. Mie nilipolijua hili niliweka kalamu chini kwanza.

Sasa humo ndani kuna nini. Rock On imetoka 1973, kaitunga mwenyewe Essex, Uingereza ikafika namba 3 kwenye chati na mwaka uliofuata Marekani ikafika namba 5, na si jambo dogo kijana wa Canning Town kuingia Marekani namna hiyo kwa wimbo wake wa kwanza kusikika huko. Lakini namba tuziache. Juzi nimekwenda kwa rafiki yangu Barabara ya Nane, yeye ana mashine ya santuri bado inazunguka, tukaiweka, nikamwambia azime feni. Kinachoanza ni besi. Besi tupu, noti chache, inakuja inarudi kama mtu anatembea peke yake kwenye korido ndefu usiku, yaani unasikia hata ile nafasi kati ya noti na noti. Halafu ngoma kwa mbali, halafu sauti ya huyu bwana karibu sana na sikio kama anakunong'oneza, na mwangwi unamfuata nyuma. Ukisubiri gitaa lije utasubiri mpaka wimbo uishe, halimo. Kinanda hakimo. Baadae vinakuja vinanda vya nyuzi, vile violini, vinapita juu kama upepo wa kusi, basi. Prodyuza alikuwa Jeff Wayne, Mmarekani, na mpiga besi ni Herbie Flowers, ndo huyo huyo aliyepiga besi kwenye Walk on the Wild Side ya Lou Reed mwaka mmoja kabla. Mtu huyu mmoja kabeba nyimbo mbili zinazojulikana dunia nzima kwa vidole vyake, na watu wengi wanaozipenda hata jina lake hawalijui, jambo ambalo mie linaniuma.

Umeniuliza baba alikuwa anapenda nini. Mwanangu, mtu wa Tanga wa miaka ile sikio lake lilikuwa limeshazoea besi. Black Star Musical Club ya hapa hapa ndo waliingiza besi na gitaa za umeme kwenye taarab, ikawa inachezeka, na Shakila akaimba juu yake. Sasa mtu aliyekulia kwenye sauti hiyo ukimpa wimbo ambao besi ndo mwenye nyumba na wengine wote ni wageni, wallahi atauficha chini ya godoro.

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mie naimba bongo fleva, nshatoa nyimbo tatu, moja ilipigwa sana redioni hapa Tanga. Sasa kuna watu wanatengeneza tamthilia wamenipa nafasi nzuri tu, meneja wangu kakataa, anasema nikienda kuigiza nitapoteza jina la muziki, mshika mbili moja humponyoka. We uliandika huyo David Essex alikuwa anaimba na kuigiza vyote. Aliwezaje? (Kijana wa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili)

MJOMBA: Marahaba mwanangu. Hili swali lako nimelala nalo siku tatu, mana meneja wako si mtu mbaya, anasema wanachosema watu wengi, na kwetu huku ina sababu yake. Sie tuliokulia na picha za Kihindi tulizoea kwamba anayecheza mbele ni mmoja na anayeimba ni mwingine, staa anafungua mdomo, sauti ya Mohammed Rafi inatoka, dada analia na sauti ni ya Lata. Tukakua tukiamini hizo ni kazi mbili za watu wawili. Kishore Kumar aliyekuwa akifanya zote mbili tulimwona kama muujiza.

Ila hebu fikiria waimbaji wa taarab wa hapa hapa nyumbani. Umeshamtazama mwimbaji mzuri wa taarab akiwa jukwaani? Kasimama, mkono mmoja umeshika maiki, mwingine umefunguka hivi taratibu, jicho kamtupia mtu mmoja tu ukumbini, na kile kisa cha mpenzi aliyemwacha anakieleza kwa uso kabla neno halijatoka, mpaka mtu anainuka kwenda kumtuza huku machozi yanamtoka. Hiyo ni nini kama si kuigiza? Yule hajaachwa na mtu jana usiku, kala wali wake na watoto akaja kazini. Kwa hiyo hizo mbili anazosema meneja wako mie naona ni moja, na maisha ya David Essex ndo ushahidi wangu.

Tazama. Santuri yake ya kwanza imetoka 1965, akiwa na miaka 17 hivi. Haikwenda popote. Akatoa nyingine, hola. Nyingine, hola. Miaka inapita, meneja wake Derek Bowman, ambaye alimwona akipiga dramu kwenye bendi akaona kijana ana kitu, anamsukuma ajaribu na jukwaa la michezo. Na 1971 ndo mlango ukafunguka, tena si kwenye muziki wa santuri, ni kwenye mchezo wa jukwaani wenye nyimbo, Godspell, pale Roundhouse London, yeye kapewa kuwa Yesu na Jeremy Irons, huyu mwigizaji mkubwa unayemjua leo, akawa naye humo humo. Mchezo ukahamia Wyndham's Theatre, watu wanajaa. Kumbuka kazi ya michezo ya kule ni karibu kila usiku, shoo nane kwa wiki ni jambo la kawaida, ukiumwa koo unapanda, ukifiwa unapanda. Hapo ndo alipopikwa.

Halafu jukwaa likazaa filamu. Mwaka 1973 kacheza That'll Be the Day, kama kijana anaitwa Jim MacLaine, anakimbia shule na nyumbani anatafuta muziki, na ndani yumo Ringo Starr wa Beatles kama rafiki yake. Na filamu ikazaa wimbo, mana Rock On aliitunga kwa ajili ya filamu hiyo! Umeona mnyororo? Meneja wako anasema kuigiza kutaua muziki, kwa huyu bwana muziki ulikuwa umekufa miaka sita kuigiza ndo kukaufufua.

Mwaka uliofuata wakatoa mwendelezo, Stardust, na hii naomba uitafute uitazame usiku mmoja ukiwa umetulia. Jim MacLaine sasa kawa nyota mkubwa, Adam Faith ambaye naye alikuwa mwimbaji wa pop kabla ya kuwa mwigizaji anacheza kama mtu wake wa karibu anayemwendesha, na tunamwona kijana pesa zikija, watu wakimnyonya, rafiki wanapotea mmoja mmoja, mwisho anajifungia kwenye kasri Hispania na kufa. Sasa sikiliza, wakati anaigiza hayo, Essex mwenyewe nje ya filamu ndo alikuwa anapanda. Novemba 1974 Gonna Make You a Star iko namba 1 Uingereza, 1975 Hold Me Close nayo namba 1, mabinti wanapiga mayowe kwenye shoo zake mpaka nyimbo hazisikiki. Mie naamini, na hii ni imani yangu mwenyewe, kwamba kile kifo alichokiigiza kilimlinda. Aliingia kwenye umaarufu akiwa ameshaupitia mpaka mwisho wake kwa mwili wake mwenyewe mbele ya kamera. Wangapi hapa kwetu wamepanda kwa hiti moja wakashuka hatujawaona tena, na hakuna aliyewahi kuwaonyesha mwisho wa njia unafananaje?

Na mayowe yalipopungua, mana hupungua, yeye alikuwa na pa kwenda. Tarehe 21 Juni 1978 Evita imefunguliwa Prince Edward Theatre, kisa cha Eva Perón wa Argentina, Elaine Paige ndo Eva na Essex ndo Che, yule anayesimama pembeni anasimulia na kumsuta huyo mama kutoka mwanzo hadi mwisho. Huwezi kuimba sehemu ile bila kuigiza, kila mstari ni ugomvi. Na wimbo wake kutoka humo, Oh What a Circus, ukafika namba 3 kwenye chati, yaani kazi ya jukwaani ikamrudisha redioni. Mwaka huo huo Jeff Wayne akatoa ile albamu ya The War of the Worlds, msimulizi ni Richard Burton, na Essex ni askari wa mizinga aliyekata tamaa ya kupigana anaota kujenga dunia mpya chini ya ardhi. Mle anaongea na kuimba, anaongea na kuimba, huwezi kusema hapa mwigizaji kaishia hapa mwimbaji kaanzia.

Ila ninayoipenda mie kuliko zote ni Mutiny!, na sie watu wa pwani tuna haki ya kuipenda. Ni kile kisa cha kweli cha meli ya Bounty mwaka 1789, mabaharia walipomgeuka nahodha wao Bligh baharini kule Pasifiki wakamshusha kwenye mashua na watu wake. Essex ndo katunga muziki, mwenzake Richard Crane akaandika, na albamu ikatoka 1983 kabla ya mchezo wenyewe, wimbo mmoja Tahiti ukaingia kumi bora. Mchezo ukapanda Piccadilly Theatre 1985, Essex ni Fletcher Christian kiongozi wa waasi, Frank Finlay ni nahodha. Kaimba, kaigiza, katunga, miaka 20 baada ya ile santuri ya kwanza ambayo hakuna aliyeinunua.

Sasa turudi kwako Ngamiani. Nenda kwenye hiyo tamthilia, ila usiende kichwa kichwa. Uliza siku za kupiga picha ni zipi na uziandike kwenye kalenda moja na shoo zako, mana msuguano wote huanzia hapo, we uko Korogwe kwenye harusi na wao wanakusubiri na taa zimewashwa. Uliza kama wimbo wako mmoja unaweza kuingia humo ndani, na ukiingia wanalipa vipi. Na malipo yaandikwe, kwa siku au kwa sehemu, tarehe ya kulipwa iwemo na sahihi iwemo. Hili nakuambia kwa uchungu. Mie nikiwa na miaka 22 niliigiza kwenye mchezo mmoja wiki tisa, tukaambiwa pesa zitakuja mchezo ukimaliza, mchezo ukamaliza, watu wakahama ofisi, na mwenzangu aliyekuwa anategemea ile pesa kwa matibabu ya mamake alikaa pale mlangoni asubuhi mpaka Magharibi. Sijasahau ule mlango ulivyokuwa, rangi ya bluu, umebanduka chini. Kwa hiyo karatasi, mwanangu. Na meneja wako mpelekee aisome yeye, umpe hiyo kazi ya kuilinda, atakuwa na wewe badala ya kuwa kinyume chako.

SWALI: Mjomba hivi Essex si jina la mkoa kule Uingereza? Aliitwaje jina la mkoa? (Msomaji, Chuda)

MJOMBA: Ni jina la mkoa ndiyo, na yeye alikuwa anakaa huko. Alipotaka kujiandikisha kwenye chama cha waigizaji tayari kulikuwa na David Cook mwingine, na sheria yao hairuhusu wawili wenye jina moja, basi akachukua jina la anapokaa. Ni kama we leo ujiite Chuda.

SWALI: Mjomba mie nabishana na jirani, Rock On imeimbwa na Michael Damian, Mmarekani, nina kanda yake mwenyewe. Mwambie huyo dada wa Makorora santuri yake ni kopi. (Msomaji, Pongwe)

MJOMBA: Jirani yako kashinda, samahani. Michael Damian kairudia 1989, na Marekani ikampa namba 1 ambayo Essex mwenyewe hakuipata, kwa hiyo kanda yako ni halali kabisa na wimbo ni mtamu. Ila ya Makorora ndo mama wa yako. Na ukizisikiliza zote mbili utaona ile ya 1989 imejazwa vitu, kila nafasi ina mlio, wakati ile ya kwanza uzuri wake ni zile nafasi walizoziacha wazi.

SWALI: Mjomba mie ni mama wa mtoto wa miaka 15. Alikuwa anacheza mpira vizuri mno, timu ya vijana, wazee wa Coastal wenyewe pale Mkwakwani walikuwa wanamtazama. Sasa ghafla kaacha, kutwa anapiga dramu kwenye bendi ya jirani, hata daftari hashiki. Nimeumia. Nifanyeje? (Mama, Mikanjuni)

MJOMBA: Pole dada yangu, na usikasirike nikikuambia kwamba barua yako imenifanya nitabasamu kwanza, mana umenielezea David Essex wa miaka 13. Yule alikuwa anachezea vijana wa West Ham, timu ya mtaa wao kama Coastal ilivyo kwetu au African Sports kwa wale wa upande ule, na ndoto yake yote ilikuwa mpira. Halafu usiku mmoja kaingia klabu ya Flamingo, Soho, kasikia blues inapigwa laivu, basi mpira ukaishia hapo. Akageukia dramu. Kwa hiyo kijana kugeuka ghafla si lazima kuna shetani, pengine kasikia kitu.

Ila sitakudanganya dada. Nimeandika juu hapo kwamba santuri ya kwanza ni 1965 na wimbo uliomtoa ni 1973. Ukisoma haraka unaona ni mstari mmoja, lakini hiyo ni miaka minane, na mama yake alikuwa anaziona zote. Mtoto wako kama anaingia huku aingie akijua hilo. Na daftari hilo usimwachie hata kidogo, kidato cha nne amalize, hapo simama imara kabisa, mana ukitaka kumpeleka pale TaSUBa Bagamoyo, ambapo toka 1981 kilipoanza kama Chuo cha Sanaa watu wanasomea muziki, ngoma na uigizaji kwa pamoja chini ya mwembe mmoja, wataomba vyeti.

Na jambo moja la kufanya wiki hii hii. Nenda pale kwa jirani anapopiga, usimwambie unakuja. Kaa nyuma. Usitazame mikono, tazama shingo yake. Mpiga dramu anayefikiria wenzake shingo inageukageuka, anamtazama wa besi, anamtazama mwimbaji, anasubiri. Anayepiga kwa sifa anatazama ngoma zake tu. Ukishamwona wa aina gani niandikie tena, tutaongea.

SWALI: We Mjomba, na heshima zako zote, Waingereza wanatuhusu nini? Tanga hii ilikuwa na Atomic Jazz, ilikuwa na Jamhuri Jazz, watu walikuwa wanatoka Mombasa kuja kucheza hapa. Unatuandikia makuli wa London. (Mzee, Barabara ya Ishirini)

MJOMBA: Shikamoo mzee wangu. Neno lako nimelipokea na halina kosa. Atomic na Jamhuri walistahili ukurasa miaka mingi na kosa la kutowaandika ni letu sie wa magazeti. Ninachoomba ni kitu kimoja, kwamba ukurasa huu umeanza na mtoto wa kuli wa Tanga anayetaka kujua babake alikuwa anasikiliza nini, na jibu likatupeleka London, siwezi kumficha. Sasa nakuomba weye na wenzako wa rika lako mlio na picha, tiketi, hata kumbukumbu tu za nani alikuwa anapiga solo usiku gani ukumbi gani, nitumieni. Mkiona uzito kuandika nitamtuma kwenu kijana na kinasa sauti. Nafasi ninayo toleo lijalo na la baada yake, na mbolea ya michungwa itasubiri tena.

SWALI: Mjomba baada ya hiyo meli ya Bounty aliishia wapi? Yu hai? (Dada wa Raskazone)

MJOMBA: Hakuishia. 1988 kacheza kwenye vichekesho vya BBC vinaitwa The River, mtu aliyewahi kufungwa anatunza lango la maji kwenye mto, mpole tu. 1993 kaingia kwenye tamthilia ya Kiingereza ya zamani kabisa, She Stoops to Conquer, humo haimbi kwa sifa, anaigiza na manguli kama Donald Sinden, na mie hapo ndo nasema kathibitisha. 1999 akapewa nishani ya OBE, alikuwa balozi wa lile shirika la kujitolea la VSO ambalo walimu wake wengi sie wa umri wangu tuliwaona hapa mashuleni. Miaka ya 2008 mpaka 2010 nyimbo zake zenyewe zikafanywa mchezo wa jukwaani, All the Fun of the Fair, kisa cha watu wa maonyesho ya kuhamahama, na hapo naona damu ya mamake imerudi nyumbani, mpaka ukafika Garrick Theatre London. 2011 akaingia EastEnders, ile tamthilia ya mtaa wa mashariki ya London, kama Eddie Moon, miaka 63 anarudi kuigiza mtu wa mtaa kama aliokulia. Kwa jumla nyimbo 19 zimeingia arobaini bora za Uingereza.

SWALI: Mjomba ni mie tena wa Makorora. Mume wangu kakubali haitupwi. Lakini ina vumbi na kama mistari mistari, na iko kwenye mfuko wa nailoni. Niifanyeje isiharibike? (Dada, Makorora)

MJOMBA: Alhamdulillahi, nisalimie mkwe. Toa kwenye nailoni leo leo, joto la Tanga linaibana na nailoni inashika unyevu halafu ukungu unaingia kwenye mifereji. Ishike pembeni tu kwa viganja, vidole visiguse pale penye mistari. Kitambaa laini kikavu, cha pamba, ulichofua bila marashi, pangusa kwa kufuata mzunguko, usikate katikati. Usitumie spiriti, usitumie sabuni ya unga. Weka kwenye bahasha ya karatasi, isimamishe wima kati ya vitabu viwili, mbali na dirisha la jua na mbali na jiko. Iliyolala na kubebeshwa vitu inapinda na ikipinda basi sindano inaruka.

Ile mistari mingi ni vumbi, michubuko ya kweli utaisikia kama mafuta ya kitumbua yanavyopasukapasuka, haitazuia wimbo. Jumamosi baada ya Alasiri rafiki yangu wa Barabara ya Nane atakuwepo na ana sindano mpya, nimeshamwambia. Njoo na mama. Aje akae kwenye kiti cha karibu na spika, feni tutazima.